Nyuzi za Wavu Ndani ya Pampu

Mashine ya kufulia ya mama ilikuja kwetu Kirumba, Mwanza, ikiwa imetumika kwingine, lakini tuliithamini kama mpya. Miguu ya mama ilikuwa inavimba, na kaka yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki vizuri na wavuvi wanapumzika. Ndipo kaka alipokuwa akirudi kutoka kambini Ukerewe na kiroba cha nguo zinazonuka ziwa, na mashine ikampunguzia mama mzigo huo.

Safari moja ikagoma katikati ya kazi. Maji meusi yametuama ndani, mlango umejifunga, inanguruma kidogo kisha inanyamaza. Fundi wa kwanza aliyeitwa alisikiliza tu, akasema pampu imekufa, akataja bei ya nyingine. Mama hakuwa na hela hiyo. Akampigia mjomba.

Mjomba alikuwa akitengeneza injini za boti pale Mwaloni. Mashine ya kufulia hakuwahi kuifungua, na hakuficha.

"Dada, hii siijui. Ila maji nayajua."

Alichomoa waya kwenye soketi, akanituma beseni na tambara. Kisha akaushusha mpira wa kutolea maji mpaka sakafuni, chini kuliko maji yaliyokuwa ndani. Akanieleza kwamba mpira ukilala chini hivyo, maji yanashuka yenyewe hata kama pampu haifanyi kazi. Yakitoka kwa nguvu, njia iko wazi, tutafute ubovu kwenye pampu. Yasipotoka, kuna kitu kimeziba. Tukangoja. Yakadondoka matone tu. Yule fundi wa kwanza hakuugusa kabisa ule mpira, na jambo hilo linanikera mpaka leo, maana jaribio lenyewe halikuhitaji hata bisibisi.

Chini, upande wa kulia, palikuwa na kifuniko kidogo, na nyuma yake kizibo cha kichujio. Mjomba alikilegeza kidogo, maji yakajaza beseni, akakikaza, nikaenda kumwaga, akalegeza tena. Kazi hiyo ilikula muda kuliko nyingine zote. Hakutaka kukifungua kwa mkupuo, kwa sababu maji yote yangemwagika chumbani.

Kichujio kilitoka na mchanga, kifungo na sarafu ya shilingi 100. Nikadhani tumemaliza. Mjomba hakuridhika, alimulika tundu kwa tochi ya simu, akaniita nichungulie. Mle ndani kuna pangaboi dogo la plastiki, lile la pampu linalosukuma maji, nalo lilikuwa limezongwa na nyuzi za nailoni. Kaka alikuwa na mazoea ya kutia mfukoni vipande vya nyuzi anaposhona nyavu.

"Haya ndiyo ninayoyatoa kwenye boti kila siku," mjomba alisema, akaanza kuzikata kwa wembe na kuzivuta kwa koleo, uzi mmoja mmoja, asije akavunja bapa.

Alipolizungusha kwa kidole, likawa linakwamakwama. Mama akashtuka: "Limeharibika?" Mjomba akalizungusha tena taratibu, akasema hapana, linashika kwa mpangilio mmoja, kitu kilichovunjika hakina mpangilio. Miaka ya baadaye, nilipoanza kufungua pampu hizi mwenyewe, niliikuta ile sumaku ya ndani inayolishika namna hiyo. Mjomba aliisoma kwa kidole tu, bila kuiona.

Akarudisha kichujio, akakikaza, akainua mpira mahali pake. Tukaiwasha. Pampu ikavuma sawasawa, maji yaliyobaki yakatoka, na ngoma ikaanza kukamua. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Mbalamwezi iliyofuata, kaka alisimamishwa mlangoni akung'ute mifuko yote, kabla mama hajaitikia shikamoo yake.