Shangazi Juu ya Jiwe

"Nipeleke siku ya bamvua," shangazi aliniambia kwenye simu, "nende kwa miguu yangu. Mie sipandi chombo kwenda kula."

Basi tukangoja mwezi mpevu, bamvua linapoyatoa maji mbali kabisa, na Jumapili tukatoka Bwejuu na gari ya kukodi mpaka Michamvi Pingwe. Bahari ilikuwa imekimbia mbali. Mkahawa umekaa juu ya jiwe lake peke yake, na chini yake mchanga mtupu, vidimbwi na majani ya bahari. Wageni wanauita The Rock na kila anayekuja Zanzibar anaupiga picha. Kwa shangazi ni jiwe tu, alipokuwa akipumzika kivulini na ndoo yake ya pweza. Alivua ndara, akafunga kanga vizuri kiunoni, akatangulia. Njiani alinionyesha tundu moja kwa kidole cha mguu: "Humu nilimtoa mmoja, kichwa chake kama beseni." Ana miaka 67, na magoti yamemwachisha kazi hiyo. Mwani nao alishaulima. Ulipoanza kulimwa huku kwetu mashariki mwaka 1989, na yeye alikwenda kupigilia vijiti vyake. Maji yalipozidi joto na ule mwani mnene wenye bei nzuri ukawa unaoza, akamrudia pweza.

Niseme ukweli, usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala vizuri. Nilikuwa nimeshaisoma menyu yote kwenye simu, nimeshapanga nimwagizie nini, nimwambie nini wakileta uma tatu, na nimkatizeje akianza kuuliza bei kwa sauti. Nilijipa kazi ya ulinzi. Nilidhani ninamlinda yeye.

Mhudumu alikuwa kijana mwembamba, sauti ya chini. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Akatupeleka kwenye meza ya pembeni, ile ambayo watu huiomba siku kadhaa kabla, akavuta kiti kinachotazama bahari. Shangazi akakiangalia, akaniangalia mimi, akacheka. "Bahari naijua. Niweke upande huu nitazame watu."

Nikafungua mdomo niombe radhi. Kijana alikuwa ameshageuza sahani na glasi, amemvutia kiti cha pili, wala usoni hakuonyesha kwamba kuna jambo.

Meza ya jirani walikuwa na chupa ya mvinyo kwenye ndoo ya barafu. Shangazi aliiona, akanyamaza, na mimi namjua shangazi akinyamaza. Kijana alipokuja kuchukua oda aliinama kidogo upande wake, si upande wangu mwenye pochi: "Bibi, huyo kambakoche mchuzi wake hutiwa mvinyo. Nitamwambia mpishi akukaangie wako kwenye chungu chengine, kwa ndimu na kitunguu thomu tu." Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Katika mambo yote niliyoyapanga usiku kucha, hilo halikunipitia kichwani kabisa.

Pweza wa nazi alikuja kwanza. Shangazi aliinua uma, akaukata mkia mmoja wa pweza, akautia mdomoni, akatafuna polepole huku macho yamefumba. Halafu akauweka uma chini.

"Huyu hakupigwa."

Nikajua mambo yameharibika. Kwetu pweza hupigwa mawe mpaka alainike ndipo aingie chunguni. Asiyepigwa ni mpira. Lakini huyu alikuwa laini, hata mimi niliona.

"Kalainikaje basi?" akamuuliza kijana, si kwa ubaya, kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake. Kijana hakubuni jibu. Alisema, "Sijui, bibi, ngoja nikaulize," akaenda jikoni, akarudi kweli. Mpishi kasema alimgandisha siku mbili kwenye friza, barafu ndiyo iliyomvunja nyama, kisha kamchemsha kwa moto mdogo bila haraka. Shangazi akatikisa kichwa taratibu. Miaka yote hiyo ya kumpondaponda juu ya jiwe hilihili! Akaomba wali zaidi.

Nilipotazama tena, uma na kisu vyake havikuwepo mezani. Palikuwa na bakuli la maji ya vuguvugu lenye kipande cha ndimu, na kitambaa kilichokunjwa, upande wa mkono wake wa kulia. Sikumwona kijana akiviondoa. Sijui aliona saa ngapi kwamba vidole vya shangazi vinasita kwenye kile chuma. Yeye akanawa, akauingia wali kwa mkono kama yuko kwake, na kambakoche alipofika tayari alikuwa amepasuliwa ganda, nyama inatoka yenyewe.

Mimi ndiye niliyekuwa nikila kwa mashaka. Nilikuwa nikiangalia wageni kama wanatuangalia. Hakuna aliyekuwa na habari na sisi. Mara mbili shangazi aliniuliza mbona sili.

Hesabu ililetwa ndani ya kijalada, kimefungwa, ikawekwa upande wangu nyuma ya chombo cha chumvi. Nimelipa na sitaji kiasi. Shangazi husomewa mambo ya simuni na wajukuu.

Akaomba chai ya tangawizi. Kisha nyengine. Kijana alikuwa na nafasi kidogo, wakaanza mtoto-wa-nani-wewe, ikagundulika ana bibi yake Makunduchi ambaye shangazi alikutana naye kwenye sherehe za Mwaka Kogwa miaka mingi nyuma, au pengine alikuwa dada yake huyo bibi. Hawakufika mwisho wa jambo hilo. Mimi nilikuwa nikitazama chini. Saa sita tulipita kwa miguu. Sasa ilikuwa saa tisa na ushei, na bamvua linavyotoka ndivyo linavyorudi, kwa nguvu zake zote. Ngazi zilikuwa zimemezwa mpaka karibu nusu.

"Shangazi, maji."

Akainuka, akachungulia. Alikaa kimya kidogo.

Kijana alishuka mbele na ndara zake mkononi, akampa bega ashikilie. Mashua ilikuwa ikigongagonga jiwe. Shangazi akaketi katikati, akaitandaza kanga magotini, akamgeukia mwenye pondo.

"Nahodha, taratibu. Nimeshiba."