Kutu Nyeusi

"Mama, mbona kiini kimekuwa kijani pembeni?"

Nikamwambia yai limechemka kupita kiasi: salfa ya ute imekutana na chuma cha kiini, ikazaa salfaidi ya chuma. Haina madhara. Akala ute, kiini akakiacha kwenye sahani, akakimbilia michezo yake. Mimi nikabaki nakiangalia.

Nikalikumbuka tangi la chuma tulilolisafisha kazini zamani. Lilikuwa limekaa miaka na gesi yenye haidrojeni salfaidi, ile ya harufu ya yai viza. Hatukuingia hadi vipimo viliporuhusu. Pua si ya kuaminiwa, kwani gesi hiyo ikifika sehemu 100 kwa milioni, pua hufa ganzi. Ndani sikuona kutu nyekundu niliyoizoea. Kuta zilikuwa nyeusi tii, zimepakwa tope laini la salfaidi ileile ya chuma, kama masizi yaliyolowa. Mahali pawili chuma kilikuwa kimefura malengelenge. Mzee wetu wa kazi aliyapapasa akasema, gesi hii ikila chuma huzaa haidrojeni, chembe zake zikapenya ndani, zikajazana penye kasoro na kusukuma. Chuma kigumu sana hakifuri, hupasuka ghafla.

Nililikwangua lile tope, nikalilundika juu ya mfuniko wa chuma nje ya mlango, nikaenda kutafuta ndoo ya maji. Ndoo haikuwa mahali pake.

Niliporudi, kilele cha lundo kilikuwa kimekauka, kimepauka. Pembeni pake pakachomoza uzi mwembamba mwekundu. Ukatambaa polepole, bila mwali, ukiacha majivu ya rangi ya kutu nyuma yake. Moshi wake ulikuwa wa salfa, ukanikaba koo. Hakuna aliyewasha kitu. Lilikuwa limekutana na hewa tu.

Mzee alinisogeza kwa bega, akamwaga maji, kisha akapiga kelele mlangoni: "Tokeni! Wote!" Wenzangu wawili walikuwa bado ndani wanakwangua, na kuta zile nazo zilikuwa zinakauka. Tukazilowesha hadi jioni. Kwangu alisema neno moja tu: "Lisikauke, binti yangu." Hakunigombeza, na mpaka leo nashindwa kujua kama ningelala vizuri zaidi angenigombeza.

Kiini kilikuwa bado kwenye sahani, ukingo wake wa kijani umeanza kukauka. Najua hauwezi kuwaka. Nikaumwagia maji.