Nilivyoifufua kaseti ya The Cure ya 1986

Wapenzi wengi wa The Cure, bendi ya roki ya Uingereza, wanayo Standing on a Beach, mkusanyo wa singo zao, ama kwenye santuri, ama kwenye CD, ambayo jina lake ni Staring at the Sea. Mimi niliitaka ya kaseti. Santuri ina singo 13 za tangu 1978 hadi 1985, basi. CD imeongezewa nyimbo nne. Kaseti, ukiigeuza, unakuta nyimbo 12 zilizokuwa zimefichwa upande wa pili wa santuri za singo hizo. “The Exploding Boy” iliachwaje nje ya albamu zao? Mpaka leo sielewi.

Niliipata hapa Uingereza kwenye duka la mitumba, imechanganyika na kanda za nyimbo za Krismasi. Uso wa yule mzee mvuvi wa kwenye jalada, John Button, niliutambua kabla sijasoma maandishi.

Tatizo: kile kispongi kinachoubana utepe kwenye hedi, yaani kichwa cha redio kinachosoma sauti, kilikuwa kimebanduka. Bila hicho sauti hufifia, inakuja na kupotea. Na kasha lenyewe halikuwa na skrubu, limegandishwa. Nikanunua kaseti nyingine ya bei ya kutupa, yenye skrubu tano, niitoe matumbo. Kasha la zamani nililipasua kwa kisu chembamba kwenye mshono, polepole, kwa sababu kisu kikiteleza kinakata utepe. Kisha nikahamisha magurudumu yote mawili kwa pamoja, yakiwa yamelala juu ya karatasi yao ya kuteleza, nikaupitisha utepe kwenye viroda vya pembeni na mbele ya kispongi kizima. Usiushike kwa vidole vyenye mafuta. Ukijipinda hata mara moja, utasikia nyimbo za upande mwingine zikiimba kinyumenyume.

Sikuiweka kwenye redio papo hapo. Utepe uliolala miaka mingi hushikana, kwa hiyo niliuzungusha kwa kalamu ya Bic hadi mwisho, nikaurudisha, huku hedi nikiifuta kwa pamba na spiriti.

Ikaimba. Besi ya Simon Gallup, mpiga gitaa la besi wa bendi, imejaa kuliko nilivyotegemea.

Upande wa pili nimeshaurekodi kwenye kompyuta. Najua nyimbo hizo zimo kwenye Join the Dots, boksi la CD nne la 2004, ila kule zimesongwa na nyingine hadi za 2001. Hapa unaisikia bendi ikitoka “I'm Cold” hadi “New Day” kwa kikao kimoja.