Mombasa, kaskazi ikielekea kufa

Niliondoka Dodoma mwishoni mwa Machi, mashamba yakiwa bado kijani kwa mvua zetu za msimu mmoja. Chalinze, Segera, Tanga, hapo nikalala. Kesho yake mpaka wa Horohoro, mihuri, Lunga Lunga, kisha minazi mpaka Likoni. Njiani sina kubwa la kusimulia, ila kadiri tulivyoteremka kutoka zile mita 1,100 za kwetu ndivyo abiria walivyozidi kufungua madirisha, na baada ya Tanga hata madirisha hayakufaa kitu.

Likoni tulishushwa kwenye basi tukaingia kwenye feri kwa miguu, tumebanana na mikokoteni, pikipiki na wanafunzi. Nilitegemea upepo tukifika katikati ya mkondo wa Kilindini. Ulikuja kidogo, ukakata.

Simu yangu ilisema nyuzi 32. Joto la namna hiyo ninalijua. Dodoma ya Novemba hulifikia bila shida. Lakini kwetu jasho hutoka likakauka, na kule kukauka ndiko kunakoupoza mwili. Mombasa hewa imekwisha kushiba mvuke wa bahari, haina tena nafasi ya kupokea jasho lako, basi linabaki pale pale shingoni. Usiku nao haukupi nafuu. Machi na Aprili maji ya bahari hukaribia nyuzi 29, na mji uliozungukwa na maji ya joto hilo hauna wa kuupoza. Saa kumi alfajiri unakuta bado ni nyuzi 24 au 25. Juu ya hayo, kisiwa kiko nyuzi nne tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hukipita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Saa sita na nusu mchana nilitafuta kivuli changu nikakiona kimejikunja miguuni.

Nilipanga chumba Mji wa Kale, kwa bibi mmoja mwenye nyumba ya mawe ya matumbawe, kuta nene, dari ndefu ya boriti za mikoko.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona wafuta uso hivyo? Kaa kwanza, unywe maji. Kaskazi yafa, na kusi haijaingia. Siku hizi upepo watukimbia sote, si wewe peke yako.”

Kaskazi na kusi ndizo pepo mbili za msimu za pwani, moja ya kutoka kaskazini, nyingine ya kutoka kusini.

Nyumba ile ilinifundisha mengi kuliko simu. Dirisha la barazani na la uani yametazamana, hivyo kahewa kadogo kakiingia kanapita mpaka nyuma. Vichochoro vya nje ni vyembamba kiasi kwamba ukuta mmoja huukinga mwingine na jua karibu siku nzima. Waliojenga hivyo walijua wanapambana na nini. Kisha unavuka daraja la Nyali unakuta maghorofa mapya ya vioo, yamefungwa kila upande, viyoyozi vikinguruma kutwa. Mimi si fundi ujenzi, lakini umeme ukikatika Machi ningependa niwe kwa bibi.

Asubuhi nilishuka hadi bandari ya kale, nyuma ya Ngome ya Yesu. Pana wazee hukaa barazani na vikombe vya kahawa chungu, na mmoja wao, mvuvi wa zamani, ndiye aliyenipangia mwaka wa Mombasa vizuri. Hakuanza na Januari. Alianza na pepo.

Kaskazi, alisema, huingia Desemba na kukaa hadi Machi. Ni pepo za kutoka Bara Hindi na Uarabuni, nazo ndizo zilizoleta majahazi huku karne na karne. Bahari hutulia, maji huwa maangavu, na mvua ni haba mno, hasa Januari na Februari. Wageni wa hotelini huja wakati huo, na wenyeji hutoa magodoro juani. Kisha kaskazi hulegea, na mtu hukaa akingoja, kama mimi nilivyokuwa nikingoja. Aprili upepo hugeuka, kusi yaja na mvua za masika, na Mei ndio mwezi wenyewe: huleta zaidi ya milimita 200, takriban moja ya tano ya mvua ya mwaka mzima, ambayo ni milimita elfu moja na ushei.

“Majahazi yalikuwa yarudi lini, mzee?”

“Kusi ikianza, au ikishapoa. Katikati, Juni na Julai, hapana. Bahari yachafuka, mwenye akili hutia nanga. Sisi wa ngalawa twavua ndani ya mwamba tu.”

Miezi hiyo, aliendelea, mawimbi hutupa mwani ufuoni Nyali na Bamburi, manyunyu huja na kwenda, na watu wa mji hulala vizuri. Oktoba na Novemba ni vuli. Mvua zake ni ndogo kuliko za masika, ingawa mwaka wa El Niño huwezi kuziita ndogo. Pwani bado inazikumbuka za 1997 na za 2023.

Nilirudi chumbani nikafungua jedwali la wastani wa miezi. Machi, nyuzi 32 au 33 mchana. Julai, 27 au 28. Tofauti ya nyuzi tano, na msomaji wa mbali angeona Mombasa ni ile ile mwaka mzima. Jedwali halina safu ya upepo unatoka wapi, ilhali mvuvi, mfua nguo na mwenye hoteli wote wanaanzia hapo.

Jioni nilienda Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari, na nusu ya mji ilikuwa imekuja kutafuta hewa: familia chini ya mibuyu, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, madafu, meli ikipita karibu hadi unaona mabaharia.

Usiku ule mvua ya kwanza ilipiga, kubwa, ya nusu saa. Nilifurahi bure. Asubuhi jua lilitoka, vichochoro vikafuka mvuke, na fukuto likawa baya kuliko la jana. Bibi akacheka: mpaka kusi ishike sawasawa, mvua yaongeza hari tu.

Nimemwomba aniwekee chumba cha Agosti. Amekubali, ila akanionya nije na shuka nzito, maana mwezi huo, nyuzi 21 zikiingia usiku, yeye hulala na sweta. Kwetu Julai hushuka hadi 13 au 14. Shuka nimeiacha nyumbani.