Swali la Baba

"Mama yako amekwenda wapi?"

Kuna siku Baba huuliza mara mbili tu. Kuna siku nimehesabu mara kumi na saba kabla ya adhuhuri. Mama alifariki miaka minne iliyopita na Baba alikuwepo mazishini, alisimama karibu na kaburi kuliko sisi sote, lakini ugonjwa wa kusahau umeifuta siku ile isibaki hata chembe.

Kabla hajaja kuishi nami nilikuwa nimekaa mwaka mzima nikifanya mazoezi ya Kibudha kila alfajiri. Dakika ishirini, mgongo wima, macho nimeyashusha, nafuata pumzi inavyoingia na kutoka. Nikaamini kabisa kwamba nimekuwa mtu mtulivu. Wiki ya pili tangu aje, asubuhi, mkeka hata sijaukunja, akauliza kwa mara ya nne na mimi nikamfokea: "Amekufa, Baba! Si nimekwambia amekufa!" Alinitazama kama mtu anayepewa habari za msiba kwa mara ya kwanza, na kwake ndivyo ilivyokuwa. Akalia. Baada ya nusu saa alishasahau kilichomliza, ila huzuni haikumtoka usoni mpaka jioni.

Ndipo nilipoona kwamba mazoezi yangu yalikuwa yakiishia pale pale mkekani.

Nilirudi kwenye Satipatthana Sutta, hotuba ya Buddha juu ya misingi minne ya uzingativu, yaani kujua kinachotokea wakati kinatokea. Mwanzoni niliisoma nikikimbilia sehemu ya pumzi. Safari hii nilikwama kwenye fungu fupi linalosema mtawa ajue anachofanya anapokwenda mbele na anaporudi, anapokunja mkono na anapounyoosha, anapokula, anapokwenda haja kubwa na ndogo, anaposema na anaponyamaza. Haja kubwa na ndogo! Mimi ninayemshika Baba mkono kumpeleka chooni mara kadhaa kwa siku nilikuwa nikizihesabu dakika zile kuwa zimeibwa kwenye mazoezi yangu. Kumbe zimetajwa humo humo, na hazikuwekwa chini ya pumzi.

Tangu hapo chooni ndiko ninakojifunza zaidi. Nasikia uzito wake begani mwangu. Nasikia nyayo zake zikiburura sakafu. Haraka ninayoisikia mwilini ni yangu peke yangu, yeye hana haraka yoyote, na nikiiona haraka hiyo mapema huwa nampunguzia mwendo badala ya kumvuta.

Kiswahili nacho kilinipoteza kidogo. Mazoezi haya tunayaita kutafakari, na kwetu kutafakari ni kuwaza jambo kwa kina, kwa hiyo kwa miezi mingi nilikaa nikiwaza mambo mazuri. Neno la uzingativu katika Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha, ni *sati*, na asili yake ni kukumbuka. Si kukumbuka ya jana. Ni kukumbuka kwamba upo hapa, unafanya hili, kisha ukisahau unakumbuka tena. Nilipoielewa maana hiyo nilimtazama Baba kwenye kiti chake kwa muda mrefu. Yeye hasahau kwa kutaka. Mimi mwenye akili timamu ndiye ninayeosha vyombo bila kujua kama maji ni ya moto au ya baridi.

Katika ile misingi minne, wa pili, *vedana*, ndio ulioniokoa. Watu husema ni hisia, lakini haihusu hasira wala furaha. Ni ile ladha ya kwanza kabisa ya kila kinachotugusa: tamu, chungu, au si tamu wala si chungu. Swali la Baba linapofika, kabla ya hasira, kuna kitu kinabana kooni. Hicho tu. Ni uchungu mdogo usiokaa hata sekunde mbili, na nisipouona ndio unaozaa maneno. Buddha alifananisha jambo hili na mtu aliyechomwa mshale, kisha akachomwa wa pili. Wa kwanza ni maumivu yenyewe. Wa pili ni yale tunayojiongezea kwa kuyapinga na kuyalalamikia. Wangu wa pili ulikuwa na maneno yake kabisa: "Ananifanyia makusudi. Ndugu zangu wamenitupia mzigo. Maisha yangu yamesimama."

Mahasi Sayadaw, mtawa wa Myanmar aliyefariki mwaka 1982, alifundisha watu kutia jina kimyakimya kwa kila kinachojitokeza: tumbo likipanda, "linapanda"; likishuka, "linashuka". Mimi husema "kubana, kubana". Mara nyingi inatosha. Si kila mara. Juzi nilijibu kwa ukali, nikamwomba radhi, naye hakujua ninaomba radhi ya nini.

Nafurahi kwamba mwaka 1979 Mmarekani Jon Kabat-Zinn aliyapeleka mazoezi haya hospitalini Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa ambao maumivu yao hayakuwa yakiisha. Wengi wamepata nafuu. Lakini nadhani tunapoteza kitu kikubwa tunapoyachukua kama dawa ya kutuliza mawazo tu, kwa sababu katika ile Njia ya sehemu nane aliyoifundisha Buddha uzingativu umekaa pamoja na usemi sahihi. Na usemi ndio uliokuwa shida yangu. Je, nimdanganye kwamba Mama yuko njiani? Au nimwambie ukweli, nimuue Mama upya kila asubuhi? Hotuba moja ambayo Buddha alimpa mwana wa mfalme aitwaye Abhaya inasema neno la kweli na lenye faida, hata likiwa chungu, lina wakati wake wa kusemwa. Nililibeba swali hilo wiki kadhaa, nikiosha, nikifua, nikimfunga vifungo vya shati.

Siku moja jibu likaja bila kulitafuta: "Hayupo, Baba. Umemkumbuka?"

Si uongo. Wala halimpigi. Yeye huitikia kwa kichwa na kuanza kusimulia, na mambo anayoyasimulia sikuwahi kuyasikia Mama akiwa hai.

Katika jumuiya aliyoianzisha mtawa wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, kule Ufaransa, kengele ikilia kila mtu husimama, hata aliyekuwa katikati ya sentensi, akavuta pumzi. Mimi sina kengele. Nina lile swali.

Jana jioni liliponifikia nilikuwa nakunja nguo. Nikasimama. Koo likabana, likaachia. Nikaketi sakafuni karibu na miguu yake, nikamuuliza kama amemkumbuka. Akanieleza jinsi Mama alivyokuwa akinusa nguo zilizotoka kuanuliwa kabla ya kuzikunja, moja moja. Halafu akaniwekea mkono kichwani.

"Na wewe, mwanangu? Umemkumbuka?"

"Nimemkumbuka, Baba."