Zimwi limenila wiki tatu

Haya jamani, zimwi, kisanamu nilichokuwa napaka rangi, limeisha. Wiki tatu nzima limesimama mezani kwangu juu ya kizibo cha chupa likinikodolea, na hapo lilikuwa hata macho halina bado. Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, basi hili langu halinijui kabisa maana limenila muda, rangi, na brashi yangu nzuri kuliko zote (nitaifikia hiyo).

Kwa mgeni hapa, mi napaka rangi visanamu vya michezo ya vita ya mezani, mashujaa, wachawi, mifupa inayotembea na madude mengine ya hadithini. Mtu wa kawaida anakuwa na kimo cha milimita 28 mpaka 32 hivi, zimwi linapita 50, lina rungu la misumari na mafuvu matatu yananing'inia kiunoni. Jeshi langu la mifupa lilikuwa na askari kumi na nne na mchawi wao, halina jitu la kutangulia mbele, nikasema ngoja nilipatie. Visanamu vingine vilivyomo kwenye boksi havijaguswa hata na praima (rangi ya msingi) naomba usiniulize.

Ni la resini, aina ya plastiki ngumu ya kumiminwa, kwahiyo kwanza nililiosha kwa maji ya sabuni, huwa linatoka na utelezi wa kwenye kalibu na usipoutoa rangi inakuja kubanduka. Mistari ya kalibu nikaikwangua ikiwa na maji na barakoa usoni, vumbi la resini si la kuchezea. Halafu praima nyeusi kote, ikikauka nyeupe kutokea juu tu, kama jua la utosini, na hapo ndo raha inaanzia maana kila msuli unajitokeza na unajua kabisa kivuli kinakaa wapi.

Sasa ngozi. Ngozi ilinitoa jasho. Nilipaka kijani cha kijivujivu, nyepesi, mikono miwili (yaani tabaka mbili), ikatulia vizuri tu. Nikaja na ile rangi ya majimaji ya kivuli, inayojipenyeza yenyewe kwenye mikunjo, nikaimwaga kwa furaha, ikatuama chini ya kitambi. Hapo ungeifyonza haraka na brashi kavu au uiache kabisa, mimi nikaenda kunywa maji nikarudi nikaanza kuichokonoa ikiwa imeshika nusu. Ikararuka! Ikabaki duara kama doa la maji kwenye shati, katikati ya tumbo, mahali ambapo macho ya kila mtu yanaanzia.

Nilikaribia kulitumbukiza kwenye spiriti niondoe rangi yote nianze upya, nikaenda kulala kwanza. Kesho yake nikachukua kijani kilekile, tone moja na maji mengi, brashi unaifuta kwenye tishu mpaka unahisi haina kitu, ndo unavuta kuelekea kwenye kivuli. Mkono mmoja huoni tofauti yoyote. Wa tano unaanza kujishuku kama ni macho au ni kweli. Niliacha kuhesabu kwenye kumi na moja. Upande wa kushoto doa limepotea, wa kulia bado lipo ukijua pa kuangalia, na mimi ndo najua.

Macho nilianza na kahawia nzito badala ya nyeupe, kisha nyeupe chafu ikibakiza uzi wa kahawia pembeni, kisha nukta. Viganja vimeegemeana, pumzi nimebana, na bado jicho la kushoto lilitazama dari mara tatu. Mara ya nne likatazama pua. Nikaliacha, zimwi haliendi kuposa.

Na ile brashi sasa. Saa sita usiku nimebakiza kitako tu, kile kinachosimamiwa na zimwi, mchanga na gundi nyeupe, nikanyoosha mkono bila kuangalia nikakoroga gundi na brashi ya nywele za asili niliyokuwa naitunza kama yai. Nimegundua asubuhi. Imekuwa fagio, sasa inapaka matope.

Vanishi ya kufifisha mng'ao imekauka, nikaliweka kabatini pembeni ya mchawi niliyempaka miaka miwili iliyopita na kujisifia sana. Joho lake ni zambarau moja tu juu mpaka chini, rangi nzito mpaka vidole vimeungana, yaani sijui nilikuwa naangalia nini. Nimemshusha. Yuko kwenye kizibo sasa hivi.