Nilivyoacha wastani wa mvua nikaanza kutafuta siku mbaya

Mtaro wa kwanza niliochora ulizidiwa na mvua kubwa ya kwanza tu, maji yakapanda mpaka mlangoni, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nilichukua wastani wa mvua wa mwezi nikagawa kwa siku, nikaona mbona maji kidogo tu haya. Sasa mtaro haujui wastani bwana, unapokea kinachokuja.

Nikaanza upya. Nikatafuta rekodi za kila siku za kituo cha karibu cha kupimia mvua, miaka 30, nikaziweka kwenye Excel, kila mwaka nikachukua siku moja tu iliyonyesha kuliko zote, nikazipanga kubwa kwenda ndogo. Hesabu ya kujua siku kama hiyo inarudi kila baada ya miaka mingapi ni rahisi: 30 jumlisha 1, gawa kwa nafasi yake kwenye orodha. Ya kwanza ni kama mara moja kwa miaka 31, ya tatu kama mara moja kwa miaka 10. Ila kusafisha data ndo kazi yenyewe, kuna miezi kifaa kilikuwa kibovu wakajaza 0, kumbe hiyo 0 maana yake hakuna aliyepima, ukiiacha unapata mwaka mkavu ambao haukuwepo. Halafu kipimo kinasomwa saa 3 asubuhi, kwa hiyo mvua ikianza alfajiri ikapitiliza hapo inakatwa siku mbili, ndo maana wahandisi wanazidisha kwa 1.13 hivi kufidia.

Na eneo dogo linaumizwa na saa, sio siku. Milimita 90 zikinyesha kutwa nzima mtaro hata haustuki, zikishuka kwa saa moja kwenye hekta 2 za mapaa na sakafu, tuseme asilimia 70 inatiririka, hapo ni lita 350 kila sekunde, karibu mapipa mawili!

Mzee mwenye kazi akaniambia, "Si ile mvua ya mara moja kwa miaka 100 imeshapita, tumepona." Nikamwambia mzee wangu, hiyo ni asilimia 1 kila mwaka, haina zamu, ukikaa hapa miaka 30 una asilimia 26 ya kuiona. Akanyamaza, akakubali tuchimbe na bwawa la kupokea ziada.

Mvua kubwa iliyofuata nilienda na mwavuli kuchungulia, maji yalibakiza kama kiganja kufika ukingoni. Nikapiga alama ya rangi palepale.